Soma tani kabla ya mabomba: kwa vijana wanaoanza kukagua mipango ya kutoa gesi migodini

Faili la kwanza la mpango wa kutoa methani, gesi inayolipuka iliyomo kwenye makaa ya mawe, utakaloletewa mezani litakuwa nene, lina michoro ya rangi, na kwenye ukurasa wa pili kuna sahihi za watu watatu wenye vyeo. Utataka kulianza mwanzo kama kitabu. Usifanye hivyo. Fungua moja kwa moja jedwali la uzalishaji, uone mgodi unatarajia kukata tani ngapi kwa siku robo hii, robo ijayo na ile inayofuata. Ziandike hizo namba pembeni kwa kalamu yako mwenyewe. Ukimaliza, ndipo urudi kwenye mabomba na pampu.

Nakwambia hivyo kwa sababu mipango mingi niliyoisoma iliandikwa na watu wawili wasiokaa ofisi moja. Mmoja ni mtu wa gesi, amehesabu matundu yanayochorongwa kufyonza gesi, vipenyo na nguvu ya pampu. Mwingine ni mtu wa uzalishaji, ana mkataba wa kiwanda cha saruji ukutani na anajua meli au malori yatakuja lini. Ukurasa wa 40 tani zinaongezeka mara mbili. Ukurasa wa 95 bomba ni lile lile la mwaka jana. Hakuna aliyedanganya, ila hawakuongea. Kazi yako ni kuwakutanisha kwenye karatasi kabla hawajakutana chini ya ardhi. Mpango wa kutoa gesi, ukiuangalia vizuri, ni mpango wa mwendo: gesi inaondolewa kwa kasi gani, na makaa yanakatwa kwa kasi gani. Ya pili ikiipita ya kwanza, hakuna mchoro utakaokuokoa.

Wapo watakaokuuliza hapa Mbeya, tena kwa kejeli, haya yote ya nini wakati makaa mengi yanayopita Makambako kwenye malori yanachimbwa kwenye shimo la wazi, gesi inajiondokea na upepo. Ni kweli kwa leo. Lakini Kiwira ilianza kazi mwaka 1988, kwa msaada wa China, kama mgodi wa chini ya ardhi, na matabaka ya Mchuchuma kule Ludewa ni ya miamba ya kale iitwayo Karoo, kama haya ya Songwe na Kiwira: yanaonekana juu kwenye kingo za mabonde, kisha yanainama na kuzama. Shimo la wazi lina mwisho wake. Siku gharama ya kuondoa mwamba wa juu inapozidi bei ya tani, watu wanaingia chini. Na kina kikiongezeka, kwa kawaida gesi nayo inaongezeka. Afadhali ujifunze kusoma sasa, mafaili yakiwa machache.

Jambo lingine la mapema: jua nani mwingine ana faili. Hapa kwetu usalama wa mgodi uko chini ya Sheria ya Madini ya 2010 na Tume ya Madini, usalama na afya za wafanyakazi OSHA ina sheria yake ya 2003, na mazingira ni NEMC chini ya sheria ya 2004. Omba nakala ya ripoti ya mazingira uilaze kando ya mpango wa usalama. Kuna mradi mmoja ambao ripoti ya mazingira ilisema gesi yote itazalisha umeme, mpango wa usalama ukasema gesi itaachiwa hewani kupitia bomba la wima, na bajeti haikuwa na jenereta ya gesi wala hilo bomba. Makaratasi matatu, ahadi tatu, na kila ofisi ilikuwa imeona lake tu.

Mambo ya msingi nitayapita haraka, maana umeyasoma chuoni. Methani inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na kali kuliko zote ni karibu 9.5. Ni nyepesi, uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo hewa ikitembea polepole inajipanga kwenye paa na kipima gesi kilichoshikwa kifuani hakiioni. Juu ya asilimia 15 hailipuki, lakini usiandike neno "salama" hapo. Gesi iliyo kwenye asilimia 40 ikivujiwa na hewa, inashuka na kupita mlemle kwenye 15 mpaka 5. Uingereza na Australia zinakata umeme kwenye eneo la kazi methani ikifika asilimia 1.25, Marekani hatua zinaanza kwenye 1.0, na kwenye 1.5 watu wanatolewa. Pengo kati ya namba hizo na ile 5 limeachwa makusudi. Mwenye mgodi asikushawishi kwamba limeachwa ili alitumie.

Ndani ya makaa gesi haikai kama maji ndani ya tangi. Imenata kwenye kuta za vitundu visivyoonekana, imeshikiliwa na uzito wa mwamba na maji, kama ulanzi uliofungwa kwenye dumu: ukifungua kifuniko ndipo unapojua kulikuwa na nini. Kwa hiyo swali lako la kwanza la kitaalamu ni hili: nani alipima kiasi cha gesi kwa kila tani, na alipimaje? Sampuli ya mwamba inachorongwa, inavutwa juu, inafungiwa kwenye kopo, gesi inayotoka inapimwa kwa siku na wiki, kisha makaa yanasagwa kupima iliyobaki. Lakini kuna gesi iliyotoroka kati ya sampuli kuachana na tabaka na kopo kufungwa. Hiyo haipimwi, inakadiriwa. Omba muda. Kama sampuli ilikaa nje saa nzima watu wakisubiri kopo lifike na bodaboda, sehemu kubwa ya namba ni makisio, hata ikiandikwa kwa desimali mbili. Angalia pia sampuli zimetoka wapi. Matundu manne yaliyochorongwa karibu na barabara kwa sababu mtambo haukuweza kupanda kilima hayakuelezi kitu juu ya upande wa pili wa kilima, hasa kama katikati kuna ufa wa kijiolojia, na nchi hii ya kwetu, iliyokatwakatwa na Bonde la Ufa, ina nyufa za kutosha.

Usidhani pia kwamba kila gesi ni methani. Rungwe kaboni dayoksaidi inatoka ardhini yenyewe, na pale Kyejo inavunwa na kujazwa kwenye mitungi kibiashara. Makaa yaliyo jirani na volkano yanaweza kuwa na mchanganyiko, na hiyo gesi nyingine ni nzito, inalala chini, inaua kwa njia tofauti. Omba matokeo ya maabara yanayotaja kila gesi kwa jina lake. Jibu la "gesi ya makaa" lirudishe.

Sasa hesabu. Hii ifanye kwa mkono, kila faili, hata kama mwombaji ameleta programu ya kompyuta yenye picha za rangi. Tuseme mgodi unakata tani 1,000 kwa siku, na kila tani inayokatwa inaachia mita za ujazo 10 za gesi, sehemu kutoka kwenye tani yenyewe, sehemu kutoka kwenye matabaka ya juu na chini yaliyolegea baada ya kuondolewa mzigo. Hizo ni mita za ujazo 10,000 kwa siku. Gawanya kwa sekunde 86,400, unapata karibu 0.116 kwa sekunde. Hewa inayopita ikiwa mita za ujazo 20 kwa sekunde, methani ni asilimia 0.58. Unaweza kulala. Nenda robo ya tatu, tani 2,000, feni ile ile: asilimia 1.16. Na huo ni wastani wa siku nzima. Mashine haikati makaa saa 24, inakata kwa vipindi, na gesi inatoka kwa vipindi. Ukichukua kilele cha mara moja na nusu umeshafika 1.74. Kwa hiyo hao wa tani 2,000 hawawezi kuishi bila mabomba yao kuondoa walau nusu ya gesi, kila siku, pamoja na siku pampu inapofanyiwa matengenezo. Je, mpango unasema hivyo? Mara nyingi unasema tu kwamba "mfumo wa kutoa gesi utasaidia uingizaji hewa". Neno kusaidia likatae. Ama tani hizo zinategemea mabomba, ama hazitegemei.

Hapo hapo ndipo wageni wanaotuandikia mipango kutoka nchi za tambarare wanapoteleza, na hapa nataka ukae nami kidogo. Maabara inatoa matokeo ya gesi kwa kipimo cha usawa wa bahari, kilopaskali 101. Sisi tuko juu. Kwenye kimo cha mita 1,500 kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 85 tu, na gesi ile ile inajitanua, inachukua nafasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 20. Hewa ya feni lakini imepimwa pale pale mgodini, kwa ujazo wa pale pale. Ukichanganya vipimo viwili bila kusahihisha, ile 1.16 uliyoiona kwenye karatasi ni 1.39 kwenye handaki, yaani umeshapita 1.25 kabla hujafika kwenye kilele. Feni nayo, kwenye hewa nyepesi, inasukuma kwa kanieneo ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye kibati chake kiwandani. Pampu ya kufyonza nayo vilevile. Tafuta kwenye mpango maneno "kimo" na "kanieneo". Usipoyaona, andika swali namba moja.

Kuna kingine cha nchi za joto ambacho vitabu vya Ulaya havikipi uzito. Huku kwetu barometa, yaani kanieneo ya hewa, ina tabia yake ya kila siku: inapanda hadi karibu saa nne asubuhi, inashuka hadi karibu saa kumi jioni. Mapango ya zamani yaliyozibwa kwa kuta yanapumua kwa kufuata hiyo saa. Asubuhi yanavuta hewa ndani, alasiri yanatoa gesi nje. Mgodi unaopima kwenye kuta zilizozibwa saa tatu asubuhi kila siku, kwa sababu ndiyo saa mpimaji anapomaliza chai, unaweza kuwa na daftari safi mwaka mzima. Weka sharti la kipimo cha alasiri.

Kuhusu mabomba yenyewe nina machache, maana wenye mgodi huwa wanayaandika vizuri, ndiyo sehemu wanayoipenda. Mwongozo wa kimataifa wa Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya unasisitiza gesi isisafirishwe kwenye mabomba ikiwa chini ya asilimia 30 ya methani, yaani mara mbili ya ule mpaka wa 15. Ukiona mpango unaojisifu kwa kutoa mita za ujazo nyingi, uliza ubora wake. Kufyonza kwa nguvu kupita kiasi kunavuta hewa kutoka handakini kupitia nyufa, ujazo unapanda, asilimia inashuka, ripoti inapendeza na bomba linakuwa la hatari. Uliza pia maji yanatolewaje. Tundu lililochorongwa kwa kuinama chini likijaa maji halitoi kitu, na gesi iliyo nyuma yake inabaki ikisubiri mashine. Na uliza ramani ya matundu kama yalivyochorongwa, achana na ile ya yalivyopangwa. Chuma cha kuchoronga hupinda. Mashine ikikata tundu ambalo ramani inasema liko mita tano pembeni, gesi inaingia usoni mwa watu.

Mengine hayaonekani mpaka ushuke. Nilishawahi kukagua mgodi ambao karatasi zake zilikuwa nzuri kweli, asilimia 60 kwenye kila tundu. Tulipofika chini, mchorongaji mmoja, mzee wa makamo, hakusema kitu mbele ya meneja. Alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akamwaga kidogo kuzunguka mahali bomba la chuma linapoingia kwenye makaa, akanimulikia taa. Maji yalikuwa yanafyonzwa, yanaingia ndani kwa sauti ndogo ya kunywa. Saruji iliyopaswa kuziba pembezoni ilikuwa imepasuka, na lile bomba lilikuwa linavuta hewa ya handaki. Tukaenda la pili, akamwaga tena. La tatu likachemka mapovu, maana hilo vali yake ilikuwa imefungwa na gesi inasukuma kutokea ndani. Meneja akasema, "Hayo tutayarekebisha, mheshimiwa." Nikamwomba tu anionyeshe kipimo cha asilimia 60 kilichukuliwa wapi. Kilichukuliwa wiki ya kwanza tundu lilipokuwa jipya, kisha kikawa kinanakiliwa.

Hilo la kunakili utalikuta sana. Omba madaftari ya shifti, yale yenye madoa ya grisi, si yaliyochapwa. Kurasa zenye 0.4, 0.4, 0.4, shifti tatu kwa siku, mwezi mzima, mwandiko mmoja na kalamu moja, hazijaandikwa chini ya ardhi. Gesi ya kweli inapanda na kushuka. Usimgombeze aliyeandika, mara nyingi ni kijana ambaye hakupewa kipima gesi kinachofanya kazi na akaogopa kuacha nafasi wazi. Swali mpelekee aliyekuwa anaweka sahihi chini ya ukurasa.

Mambo mawili ya huku juu yaingie kwenye ukaguzi wako daima. La kwanza ni radi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hatuhitaji kuambizana. Januari 2006, mgodi wa Sago huko West Virginia, Marekani, methani iliyokuwa nyuma ya ukuta uliozibwa ililipuka wakati wa dhoruba na watu 12 wakafa. Wachunguzi waliona radi ndiyo chanzo kinachoelekea zaidi, na kebo iliyoachwa kwenye eneo hilo ilitajwa kama njia. Kwa hiyo bomba la wima linaloachia gesi, uzio wake, nyaya zake za kupeleka radi ardhini, vizuia moto kwenye bomba, na chuma chochote kirefu kinachotoka juu kuingia chini, vyote uviulize kwa jina. Uliza pia nani anaamua watu watoke wingu likija, na anaamua kwa kipimo gani.

La pili ni umeme kukatika. Mpango utasema kuna jenereta. Uliza inachukua dakika ngapi kuwaka, na katika dakika hizo pampu imesimama, ile nusu ya gesi iliyokuwa inapita kwenye bomba inakwenda wapi. Rudi kwenye hesabu yetu: inarudi handakini na 0.58 inakuwa 1.16, kwa kipimo cha karatasi. Feni nayo ikiwa imesimama, hesabu haina maana tena, watu wawe njiani kutoka. Jibu la "jenereta itawaka yenyewe" silo jibu. Waambie wazime umeme mbele yako siku ya ukaguzi, ushike saa.

Nimeacha kwa makusudi swali linalozidi mengine yote: nani anasimamisha kazi? Kwenye mpango kutakuwa na jedwali la viwango, kijani, njano, nyekundu, na mbele ya kila rangi hatua. Soma safu ya mwisho, ya mhusika. Ikiandikwa "uongozi utashauriana", umepata tatizo. Pike River, New Zealand, ililipuka tarehe 19 Novemba 2010 na wanaume 29 hawakutoka. Tume ya kifalme iliyochunguza ilikuta kwamba katika siku 48 za mwisho kulikuwa na taarifa 21 za methani kufika kiwango cha kulipuka na nyingine 27 za viwango vya chini ambavyo navyo vingeweza kuwa hatari, na ziliendelea hadi asubuhi ya siku ile. Zilikuwa zimeandikwa, na kazi iliendelea. Mfumo wa kutoa gesi ulikuwa mdogo kuliko mahitaji ya mgodi uliokuwa na haraka ya kuanza kuuza makaa. Na upande wetu sisi wakaguzi nao una aya zake kwenye ripoti ile: nchi nzima ilikuwa na wakaguzi wawili wa migodi. Miaka kumi baadaye, Mei 2020, mgodi wa Grosvenor huko Queensland uliwaunguza vibaya wafanyakazi watano, na bodi ya uchunguzi ikakuta jambo lile lile: makaa yalikatwa kwa kasi iliyoshinda uwezo wa kuondoa gesi. Hao ni Australia, wenye vifaa vyote na sheria zote. Na kama mtu atakwambia haya ni ya wazungu wa mbali, mkumbushe Wankie, iliyo Zimbabwe ya leo, Juni 1972: zaidi ya watu 420 walikufa kwa mlipuko, wakiwemo vibarua waliotoka nchi jirani. Vumbi la makaa linaloinuliwa na mlipuko mdogo wa gesi ndilo linalosambaza moto mgodi mzima, kwa hiyo ukimaliza gesi soma na ukurasa wa unga wa chokaa, ule unaomwagwa handakini ili vumbi hilo lisishike moto.

Kwa hiyo kwenye safu ya mhusika utake cheo kimoja, mtu aliyeko chini shifti hiyo, mwenye ruhusa ya maandishi kusimamisha mashine bila kupiga simu. Kisha ushuke ukamuulize mwenyewe kama anaijua hiyo ruhusa. Mpango wa kurasa 180 utaandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya benki na mshauri. Anayefungua vali usiku ni Mwakasege wa Kyela au Sanga wa Makete, na maelekezo yake yawe ukurasa mmoja wa Kiswahili, umefunikwa plastiki, umening'inizwa pale pale kwenye vali. Mimi hili naliweka kama sharti la kibali, na sijawahi kuona mgodi ulioshindwa kulitimiza ndani ya wiki.

Ukifika kwenye kuandika masharti, andika yanayopimika. "Mgodi uhakikishe gesi inadhibitiwa ipasavyo" ni sentensi ya kumlinda aliyeiandika. Andika kwamba kukata makaa kwenye eneo fulani kusianze mpaka sampuli kutoka sehemu tatu zilizotajwa zionyeshe gesi imeshuka chini ya kiwango ambacho hesabu yao wenyewe inakihitaji kwa tani wanazozitaka. Andika kwamba tani za siku zisizidi kiasi fulani mpaka bomba jipya lithibitishwe. Hapo mtapigiana kelele. Mtu wa uzalishaji atakwambia unamwingilia biashara, na atakuwa sahihi, ndiyo kazi yenyewe. Mpe njia: aongeze matundu, aanze kuchoronga miezi mingi mapema zaidi, aongeze hewa, au apunguze mwendo. Achague yeye. Usimchagulie, maana ukishamchorea mpango, huwezi kuukagua.

Simu zitakuja. Mara nyingi si vitisho, ni upole: "kijana wangu, hilo faili limefikia wapi, taifa linahitaji makaa." Jibu kwa adabu, kisha jibu kwa barua, na barua ijibu kwa namba. Nimeona vijana wakigombana kwenye simu na wakubwa wakaonekana wana kiburi, wakati jedwali la mistari sita lingemaliza maneno. Na gari la mgodi ukipewa kukutoa mjini, panda kama hakuna usafiri mwingine, chakula cha kantini ule na wachimbaji wengine, bahasha ya "nauli" irudishe hapo hapo mbele ya watu, bila hotuba.

Ukishatoa kibali, faili usilirudishe kabatini. Omba karatasi moja kila Jumatatu yenye safu tatu: tani zilizokatwa kila siku, mita za ujazo za methani safi zilizotoka kwa mabomba, na asilimia ya methani kwenye hewa inayotoka mgodini, kipimo cha juu kabisa cha siku badala ya wastani. Zichore mwenyewe kwenye karatasi ya miraba. Safu ya kwanza ikianza kupanda na ya pili ikabaki ilipo, mpigie meneja siku hiyo hiyo. Karatasi zikikosekana Jumatatu mbili mfululizo, usimpigie. Washa gari uende, na kipima gesi chako kiwe kimechajiwa.